Nilivyoiangusha Serikali ya Taarabu

Jumanne, 1 Oktoba 1957

Bwana Lemaire kaja ofisini hajanyoa. Mfaransa huyu, ninayemwandikia hesabu za mkonge hapa Raskazone, hajapata kuja hivyo hata siku moja. Kasema serikali ya Paris imeanguka jana. Nikauliza nani kaiangusha. Kasema chama chake kilikuwamo. Chama kidogo! Hakikai na matajiri wakubwa wala na makuli; kimekaa katikati, kikiwaegemea matajiri kidogo. Pande kubwa zikilingana nguvu, chama hiki huuza kura zake kwa uwaziri. Kikinuna, huondoa mkono, serikali chali. Kisha hubembelezwa! Na hakuna aliyefungwa. Nimeduwaa mpaka wino umekauka kalamuni.

Nami juzi tu Mzee Khatib, yule Mpemba wa karafuu, kaninyima binti yake Sabiha. Kasema hamwozi mtu asiye na cheo popote, hata cha kufungua mlango. Sabiha mwenyewe ananitaka. Nadhani.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimeunda chama! Ndani ya klabu yetu ya taarabu, Ngamiani. Upande wa Idarusi unataka kodiani mpya, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma. Upande wa Mwalimu Safari unataka makoti ya sare. Wanalingana kabisa, na kamati inachaguliwa Jumapili. Wanachama wangu: mimi, Shangazi Mwatum ninayekaa kwake, na Kristofa wa Maramba, mpiga dumbaki. Msimamo wetu: si kodiani, si makoti, utulivu, na mali za watu zisiguswe. Shangazi kauliza mali zipi, ewe Abdulwakil, na hiyo kanzu uliyovaa ni ya marehemu mjomba wako? Kristofa kauliza kama chama kina chakula.

Jumapili, 6 Oktoba

Siamini. Imewezekana! Idarusi kanivuta pembeni, kaninong'oneza kuwa nikimpa kura zangu tatu atanifanya makamu wake. Nikampa. Mimi ni Makamu Mwenyekiti! Mzee Khatib kanishika mkono mbele za watu, kasema nilete wazee Ijumaa kuposa. Mwalimu Safari kasema hata jogoo akipanda jaani hujiona sultani. Wivu.

Jumatano, 9 Oktoba

Umakamu ni mdogo. Bwana Lemaire kaniambia chama chake hakikubali kiti kimoja kama viwili vinapatikana. Nikamtaka Idarusi aniongeze uweka hazina. Kakataa. Nikasimama katikati ya kikao, nikatangaza: naondoa mkono, serikali imeanguka! Nikangoja kubembelezwa.

Vikaja vicheko.

Kumbe klabu ina mila ya tangu enzi za babu zao! Mimi nimejiunga mwaka huu, sikuijua. Anayevunja kamati, mkeka wa kikao huhamishiwa kwake, na klabu nzima hula kwake mpaka kamati nyingine ipatikane. Mkeka umeshaingia kwetu, kwa Shangazi. Umejaa ukumbi, umekunjika ukutani. Idarusi keshauketia, anauliza kama nyama ni ya mbuzi au ya ng'ombe. Nikamuuliza Shangazi kwa nini hakunionya. Kasema hukuniuliza, mwanangu, wewe ulikuwa serikali.

Ijumaa, 11 Oktoba

Wanasuluhishana polepole. Polepole mno! Kila wakikaribia kuafikiana, harufu ya pilau hutoka uani, na hoja mpya huzuka. Kristofa yuko pande zote mbili. Kila upande una sinia lake.

Wazee wangu wa posa nimewasaka mtaa mzima. Wote wako kwenye mkeka. Mzee Khatib pia! Nikamwamkia shikamoo, nikamkumbusha kuwa Ijumaa ndiyo leo. Kaitikia marahaba na tonge mdomoni, kisha kauliza mposaji ni makamu wa kamati ipi. Nikaitazama kamati. Ilikuwa inatafuna.

Jioni wameafikiana. Kodiani mwaka huu, makoti mwakani. Idarusi mwenyekiti, Mwalimu Safari makamu. Na mweka hazina? Shangazi Mwatum! Theluthi ya chama changu imehama bila kuaga! Mkeka umeondoka, nimeachiwa masufuria. Shangazi kaniletea na maneno ya Sabiha: Mwambie nilikuwa nimeshamkubali. Yeye kashindwa kukaa kitini mpaka Ijumaa.

Sikula. Hata hivyo hakikubaki kitu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Paris bado haina serikali. Bwana Lemaire, ambaye sasa ana ndevu, kasema chama chake kimepasuka vipande viwili, na kila kipande kinadai ndicho chenyewe. Papo hapo nikaliona kosa langu. Chama kilikuwa kikubwa mno! Watu watatu ni halaiki, utawazuiaje? Chama changu kipya kina mwanachama mmoja, nami namwamini. Klabu ya mpira nayo ina pande mbili zisizosemezana. Najiunga kesho.

Nimemtumia Mzee Khatib salamu: asimwoze Sabiha mtu kabla ya Ijumaa. Nitakuwa nimeshaangusha serikali nyingine.