Tofali Lililozama

Sukari alipoona ukuta wa chumba kipya cha mama mwenye nyumba umeishia kiganja kimoja chini ya mbao za paa, alicheka moyoni. Tofali zima haliingii hapo. Fundi alikuwa anavunja matofali kwa nyundo huku akimlaani aliyeyabuni.

"Mama, mnajitesa bure," Sukari akasema. "Siku hizi kuna vitofali vya zege lenye hewa, vyembamba, vya kumalizia mstari kama huo. Vyepesi! Tazama." Akatoa sampuli kwapani, akaitia kwenye beseni la maji. Ikaelea. "Kinachoelea ndicho halisi. Kikizama hata kimoja, kivunje, ni chako na kilichomo."

Mama, ambaye hajawahi kuona cha rahisi akakipita, akauliza bei. Sukari hakutaka hela. Alitaka chumba bure, mwaka mzima, na moyoni alishakichagua kile cha zamani karibu na geti. Alihitaji kujificha: sonara mmoja alikuwa anamtafuta kwa udi na uvumba, yeye pamoja na mikufu, mabangili na saa nzito aliyoondoka nayo "kumwonyesha bibi harusi".

Sampuli ilikuwa halisi. Hivyo vingine, jamani! Alikata lile povu jeupe linalokuja na friji ndani ya boksi, akalichovya kwenye uji wa saruji, akaanika. Na kwa kuwa mama hupekua vyumba vya wapangaji bila haya, akaichimba sampuli tumboni, akashindilia dhahabu na saa, akaziba. Nani atapekua tofali?

Siku ya kuleta mzigo, mama alitia majini kimoja kimoja. Vyote vikaelea, tena kwa madaha. Fundi akavipanga, kisha akapaza sauti toka ngazini.

"Kimepungua kimoja!"

Naam, Sukari alikuwa amepunja. Hakuwa na haja ya kupunja, lakini mkono ulishazoea.

"Si hicho hapo kwapani?" mama akauliza.

"Hii sampuli, mama. Nimeizoea."

"Lete hapa, mwanangu."

Ikazama chubwi.

"Feki!" mama akapiga kelele, akaiopoa, akaipasua kwa nyundo ya fundi. Mikufu na mabangili yakamwagika miguuni pake. Akayatazama, akamtazama Sukari. "Ya nani haya?"

Sukari akamkumbuka sonara. "Mimi siyajui, mama."

"Basi ni yangu na kilichomo, si ulisema mwenyewe?" Mama akajaribu bangili, likamkaa. "Ila mimi ahadi navunja? Chumba utapata. Hiki hiki kipya, kwa heshima ya kazi yako!"

Juu, fundi aliziba pengo kwa kipande cha tofali, akaanza kuondoa miti iliyokuwa imeshikilia paa. Vitofali vikalia kwa sauti nyembamba, vikabonyea, na paa likashuka navyo. Sukari alitaka kulia.

"Fundi," akauliza, "kile kituo cha polisi pale kona, kuta zake ni za nini?"

"Zege tupu, ndugu yangu. Paa nalo zege."

Sukari akavaa viatu, akashika njia ya kona kwenda kujisalimisha.