Pampu Inayojua Yenyewe

Duka la vipuri lina faida moja kwa tapeli: watu huingia pale wakitaja shida zao kwa sauti. Siku hiyo Ulimi alikuwa ameegemea kaunta bila shughuli, akamsikia mama mmoja mfugaji wa ng'ombe wa maziwa akiulizia pampu ya kufunga kwenye mashine ya kuvuna malisho, iwe inanyunyizia dawa ya silaji kwenye mahindi yanayokatwakatwa na kufukiwa yawe chakula cha ng'ombe cha kiangazi, yasije yakaoza shimoni. Muuza duka hakuwa nayo. Ulimi naye hakuwa nayo, ila hilo halikuwahi kumzuia kuuza kitu.

Aliuza pikipiki yake, mali pekee aliyokuwa nayo duniani, akanunua ovaroli mpya, kopo la rangi ya kijani, na pampu kuukuu ya kurushia maji kwenye kioo cha gari. Akaipaka pampu, na rangi ikakolea vizuri mno.

"Mashine ikipunguza mwendo, dawa nayo inapungua?" mama aliuliza alipopelekewa shambani kwake, akiigeuzageuza.

"Inajua yenyewe, mama."

"Na ikiziba?"

"Haizibi. Na hata ikiziba, mtaalamu wetu anakaa nayo mpaka shimo lijae."

"Mtaalamu ndiye nani?"

"Ndiye mimi," alisema Ulimi, na hapo mdomo ukaponza kichwa.

Mama akasema ataijaribu kwanza. Ikifaa, atachukua yake pamoja na za majirani zake watano. Ulimi akajiona yuko juu ya pikipiki mpya.

Pampu ilichapa kazi dakika sita, ikakohoa, ikanyamaza. Dereva wa mashine hakusimama, maana wingu lilikuwa limetanda. Ulimi akaparamia tela na ndoo na kopo, akawa ananyunyiza kwa mkono huku mahindi yakimtwanga usoni, akieleza kwa sauti kwamba huo ni mfumo wa akiba. Mama aliitikia kwa heshima zote. Kisha akamwomba mtaalamu ashuke shimoni akanyage, kwani silaji ikibaki na hewa huharibika. Mtaalamu akakanyaga. Kesho yake akakanyaga tena.

Siku ya tatu shimo lilijaa. Ulimi alikwenda stoo kuchukua turubai la kulifunika, na alipolivuta akakuta chini yake pampu ya kweli, yenye mita na tangi lake, inang'aa.

"Hiyo ndiyo yetu," dereva alisema nyuma yake. "Inapima dawa kwa tani, haikosei. Tatizo lake haijui kukanyaga."

"Sasa mama alikuwa anatafuta nini?"

"Kila msimu mama ana kitu anachagua. Mwaka jana alikuwa anachagua trekta la kushindilia. Walikuja wauzaji wanne, kila mmoja na mtaalamu wake."

Ulimi alitaka kukasirika, kweli alitaka, lakini kicheko kilimwahi. Akamfuata mama getini, akavua kofia.

"Shikamoo, mama." Zile za siku zote zilikuwa za mdomoni. Hii ilitoka moyoni.

"Marahaba, mwanangu. Pampu nitaifikiria. Ila mwakani usikose, nitakuwa nachagua mashine ya kukamulia."