Mashine Imenyamaza, Mimi Sijanyamaza

Leo nimeumbuka.

Siyo kuumbuka kwa kujikwaa sokoni au zipu ya gauni kuachia kanisani. Hayo nimeshazoea. Leo nimeumbuka wilaya nzima kwa mkupuo mmoja, kwa redio. Pili na Agnesi, someni barua hii mkiwa mmekaa, na msimsomee mtu. (Najua mtamsomea. Basi angalau msiseme ni mimi.)

Ofisi yetu ya mradi wa nyuki hapa Majengo, Mpanda, mnaijua kwa maneno yangu: chumba kimoja, bati juu, dari hakuna. Mimi na taipureta yangu tuko dirishani. Katikati yupo Mzee Pius, afisa nyuki, mtu wa kijiji cha Mamba, anayesubiri kustaafu kwa subira kubwa. Pembeni yupo Mama Nyamizi wa redio ya upepo. Kazi yake ni kubonyeza kitufe cha kipaza sauti na kuongea na vituo vyetu vya porini. Meneja amejitenga nyuma ya hadibodi ambayo haifiki hata juu, kwa hiyo akikohoa tunampa pole sote.

Sasa chukua taipureta ya chuma, iweke juu ya meza ya mninga, chini ya bati tupu. Nikipiga herufi, meza inaitikia, na bati nalo linaitikia. Kule pembeni Mama Nyamizi anapiga kelele: "Inyonga, Inyonga, rudia! Kuna mtu anapasua kuni humu ndani! Ova!"

Mpasua kuni ni mimi.

Wiki iliyopita Meneja alichoka. Alitokea nyuma ya hadibodi na miwani mkononi.

"Veronika, mgeni kutoka mkoani anakuja Alhamisi. Nitahutubia vituo vyote kwa redio, yeye akiwa amekaa hapa. Ama hiyo mashine inyamaze, ama wewe na mashine yako mhamie stoo ya nta."

Stoo ya nta haina dirisha. Ina mabonge ya nta, masega yaliyokamuliwa, na nyuki ambao hawajapewa taarifa kwamba ile siyo nyumba yao tena. Niliingia mara moja kutafuta karatasi, nikatoka na jicho moja linalofanya kazi. Dirishani kwangu naona barabara, naona nani kashuka treni na mzigo gani, na upepo unanifikia. Nakipenda kile kiti. Nasema wazi, sioni haya. Kwa ajili ya kile kiti ningeweza kuifundisha mashine kunong'ona.

Nikaanza kutafuta cha kuiwekea chini.

Kitenge kilichokunjwa hakikufaa. Sauti ilipungua, lakini mashine ikawa inatembea. Kufika mwisho wa ukurasa ilikuwa imeingia upande wa Mzee Pius, naye akawa anairudisha kwa mkono bila kuinua macho, kama anarudisha mbuzi wa jirani.

Nikajaribu gunia. Mama Nyamizi alilileta kutoka kwake, lilikuwa la mpunga. Kila nilipopiga, pumba zikaruka. Barua moja ya mkoani ilikwenda na pumba zake ndani. (Hawajajibu.)

Halafu nikakata kipande cha sponji kwenye godoro langu. Ndiyo, godoro ninalolalia. Mashine ilizama vizuri, kimya kabisa, ila ikawa inadunda na mistari ikapanda mlima. Meneja alishika ukurasa, akauinamisha, akainamisha na kichwa, kisha akanirudishia. Sasa nalala na shimo ubavuni na sina cha kuonyesha.

Jibu lilikuwa ndala. Nilikwenda Makanyagio kwenye duka la viatu, nikaomba kuziona zote.

"Saizi gani, dada?"

"Saizi yoyote. Nataka unene."

Nikachukua moja moja, nikaigonga kwenye kaunta, nikaweka sikio. Za bluu zilikuwa ngumu, zinalia. Nyekundu zilibonyea mno. Muuzaji alimwita mkewe aje aone. Nikachagua nyeupe, nene, laini lakini zinazorudi, na nilipomwomba kisu nizikatie palepale, mkewe aliondoka zake.

Basi, vipande vinne vya ndala chini ya miguu ya mashine. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli pale mkono wa rola unapogonga ukirudi. Karatasi mbili za ziada nyuma ya ile ninayochapa, ili vinyundo vitue polepole. Ile kengele ya mwisho wa mstari nikaijaza nta, maana nta ndiyo kitu tulichonacho. Jana jioni nikamwita Mama Nyamizi kwa majaribio. Akasimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Haya, piga basi, nisikie."

"Nimeshapiga, Mama. Mistari miwili."

Akapiga makofi. Akasema Mungu amesikia kilio chake. Usiku nililala vizuri, licha ya lile shimo.

Leo asubuhi nikafika mapema na blauzi yangu ya maana. Meneja akanipa ukurasa wa kwanza wa hotuba niuchape. Nikachapa. Ukimya ulikuwa mtamu hadi nikasikia kuku wa jirani. Mama Nyamizi akanitazama, akaziba mdomo kwa kanga. Mzee Pius mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Leo una maneno, mwanangu," akasema.

"Asante, Mzee," nikajibu. Nilidhani ananisifia kasi.

(Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama na kujiuliza. Mimi nikaweka karatasi nyingine.)

Mgeni akaingia. Bwana mmoja mpole, mnene kiasi, kaleta na daftari lake. Akapewa kiti karibu na redio, akapewa soda. Mama Nyamizi akaviita vituo kimoja kimoja, Inyonga, Mishamo, Karema, vyote vikaitikia. Hewa ilikuwa safi kuliko siku zote. Meneja akaniletea ukurasa wa pili, aliokuwa ameufutafuta kwa kalamu hadi dakika ya mwisho.

"Chapa huu huku mimi nasoma ule wa kwanza," akaniambia, kisha akamgeukia mgeni. "Siku hizi hapa tunafanya kazi kwa utulivu, mheshimiwa. Utaona."

Mama Nyamizi akabonyeza kitufe, akamsogezea kipaza sauti.

"Ndugu zangu wa vituoni," Meneja akaanza, "mwaka huu ni mwaka wa vitendo."

Nami nikaanza. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye redio, na hakuna aliyegeuka. Vidole vinakwenda, vinyundo vinatua polepole, kengele imejaa nta. Nilijisikia fahari mpaka kifua kikajaa. Kiti kile kilikuwa changu, hakuna wa kuninyang'anya.

Ukurasa wa pili ulianza hivi: "Mimi binafsi nimetembelea mizinga yote ya Inyonga, Mishamo na Karema na kujionea."

Meneja akamaliza ukurasa wake. Akanyoosha mkono nyuma kusubiri wa pili, akanyamaza. Mama Nyamizi, kwa heshima, hakuachia kitufe. Chumba kikatulia kabisa.

Ndani ya utulivu ule sauti ya mwanamke ikasema, taratibu, kila neno na nafasi yake:

"Umetembelea mizinga gani, wewe? Gari lenyewe halijawahi kuvuka hata reli."

Nikashtuka. Nani huyo mwenye roho ngumu hivyo? Nikaendelea kupiga, maana kazi ni kazi, na yule mwanamke naye akaendelea:

"Na kujionea. Nukta. Labda kwenye kalenda. Nyuki wa Inyonga wakionyeshwa picha yako watauliza huyu ni nani."

Nikainua kichwa kumtafuta.

Mgeni alikuwa ananitazama. Meneja ananitazama, mkono bado kaunyoosha. Mzee Pius alikuwa ameinamia meza na uso kauficha viganjani. Na Mama Nyamizi, maskini, macho yamemtoka, kidole kimegandia kwenye kitufe.

Nyie mnakumbuka chuoni, yule mwalimu wetu na rula yake? "Sema unachopiga! Mdomo usipolitaja neno, kidole kitaliruka!" Darasa zima tulikuwa tunasoma kwa sauti huku tunachapa. Nyie naamini mliacha siku tulipomaliza mtihani. Mimi kumbe sikuacha. Na siyo kwamba nasoma tu. Miaka yote hii nimekuwa nikizijibu barua za watu kwa mdomo, mstari kwa mstari, na taipureta ikinifunikia. Hata mimi mwenyewe sikuwahi kujisikia. Nimekata ndala, nimekata godoro, nimejaza kengele nta, yote hayo ili nivue nguo mbele ya watu.

Mama Nyamizi akaachia kitufe. Redio ikakoroma kidogo.

"Mpanda, hapa Inyonga. Tumekupata vizuri sana. Ova."

"Mpanda, hapa Mishamo. Ni kweli, huku hajafika. Ova."

"Zima," Meneja akasema kwa sauti ndogo. Mama Nyamizi alikuwa anatafuta swichi. Hakuipata mapema.

"Mpanda, hapa Karema. Huyo mama anayesoma sasa anasikika vizuri kuliko yule baba wa mwanzo. Aendelee yeye. Ova!"

Jamani. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nilitamani ile mashine ilie, ilie kwa nguvu zake zote, hata meza ipasuke. Nikabonyeza herufi moja kwa kidole, kujaribu. Ikasema "pu".

Mgeni akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Meneja, gari lina mafuta?"

"Linayo, mheshimiwa."

"Basi twende Inyonga."

"Lini, mheshimiwa?"

"Sasa. Nami nijionee."

Meneja akatazama viatu vyake. Alikuwa amevaa vile vyeusi vya ngozi, vya kung'arishwa, na mvua imenyesha wiki nzima. Akamwomba mgeni atangulie kwenye gari. Kisha akaja akasimama mbele ya meza yangu. Nikangoja kufokewa. Hakufoka, na ndipo nilipoogopa kweli.

"Weka karatasi," akasema. "Nakusomea barua. Inakwenda kwako."

Nikaweka. Akanisomea akiwa amesimama, taratibu, nami nikachapa: kwamba kuanzia kesho asubuhi Veronika, mchapaji, atafanyia kazi zake kwenye stoo ya nta, yeye na mashine yake, hadi hapo uongozi utakapoamua vinginevyo. Midomo nilikuwa nimeibana kwa meno. Barua ilikuwa na "ambapo" mbili zisizo na kazi, na nilizichapa zote mbili. Sikusema kitu. Nawaapia, hata pumzi nilitoa kwa pua.

Akatoka nayo, akaisaini juu ya boneti ya gari, akampa Mzee Pius aniletee, wakaondoka. Mama Nyamizi alikuwa dirishani anaangalia wanapita wapi. Gari likavuka reli.

"Leo limevuka," akasema.

Mzee Pius akaniwekea barua mezani, akaisawazisha kwa viganja viwili.

"Pole, mwanangu."

"Asante, Mzee. Asubuhi mlikuwa mnanisikia?"

"Tulikusikia."

"Na hamkuniambia?"

Akakuna kidevu. "Ilikuwa tamu, binti yangu. Nani angekukatisha?"

Mama Nyamizi akasema atanitafutia neti ya kichwa, ile ya warina asali, ili angalau macho yapone. Akaniambia pia nitoe zile ndala kabla sijahama, kwamba redio bila ule mlio wangu leo imemletea mambo ambayo mtu mzima hapaswi kusikia. Nikatoa vipande viwili. Viwili vingine vimegoma, vimeganda kwenye miguu ya mashine.

Basi ndiyo hivyo, wenzangu. Barua hii nawaandikia kwa kalamu, chumbani kwangu, mlango nimefunga. Mama mwenye nyumba amegonga ukuta sasa hivi.

"Vero! Una mgeni?"

"Sina, Mama."

"Mbona naisikia habari ya redio mwanzo mpaka mwisho?"

Msinicheke. Na kama mmeshindwa kujizuia, hakikisheni kwanza pana kelele karibu.