Mgeni wa Felismina

Jumamosi, 7 Septemba

Mgeni amefika kwa jirani yangu Felismina. Mjerumani, mwalimu mstaafu, jina lake Dietmar, mrefu kama mlingoti. Atakaa juma zima kuutembelea mji wa Ponte de Lima na vijiji vyetu hivi vya mlimani. Chumba changu cha wageni kina dirisha linaloutazama mto. Cha Felismina kinatazama banda la kuku. Kachagua kuku.

Sina wivu. Nashangaa tu. Isipokuwa leo Felismina hakuja kwangu kunywa kahawa ya jioni, na tangu tuwe wajane sote wawili hajawahi kukosa. Nimekunywa vikombe vyote viwili. Moyo unanidunda.

Jumapili, 8 Septemba

Kanisani mgeni kaketishwa kati yetu, mahali pa mkoba wangu. Ibada nzima Felismina anamnong'oneza. Baadaye kamlisha wali wa maziwa uliopambwa mdalasini, naye kasema hajapata kula kitu kitamu namna ile. Wali huo Felismina nilimfundisha mimi.

Nikamwambia mgeni kwamba ghala langu la mahindi, lile la mawe juu ya nguzo, ni la kale kuliko yote kijijini. Si kweli. Baba mkwe alilijenga mwaka nilioolewa. Mgeni akaja mbio na kamera. Akampiga picha Felismina mbele ya ghala hilo.

Jumatatu, 9 Septemba

Siku ya soko, na leo nilijipanga vizuri. Asubuhi nilimwambia Felismina kwamba Padri Baltazar anamtaka kanisani, akapige pasi vitambaa vya altare kabla ya sikukuu. Akaenda mara moja. Mimi nikapanda basi na mgeni.

Soko lilijaa ukingo mzima wa mto, mpaka chini ya daraja la mawe. Nilimwonyesha vitambaa vya kitani, jibini, majembe, vyungu. Kila kibanda swali lilelile: "Bibi Adozinda, hiki Bibi Felismina atakipenda?" Nikasema Felismina hapendi chochote. Akamnunulia kuku. Kuku mzima, mwekundu, mwenye hasira. Nikambeba mimi, kwa sababu yeye alikuwa anapiga picha daraja. Ndani ya basi kuku kaninyea kwenye sketi.

Na huko kijijini ndiko kulikoharibika zaidi. Padri kamkuta Felismina anapiga pasi bila kutumwa na mtu, akaguswa moyo. Kampa bendera ya Mama Yetu Maria aibebe kwenye maandamano ya sikukuu Jumapili. Bendera niliyoingojea miaka yote hii!

Jioni Felismina alisimama mlangoni pangu. "Shoga, Padri anasema hakunituma."

Nikasema labda nilisikia vibaya.

"Basi masikio yako yana baraka," akasema, akaenda kumtafutia kuku wake mahali pa kulala.

Jumatano, 11 Septemba

Leo vijiji. Felismina ana goti bovu, mimi sina. Nikajitolea kuwaongoza, nikachagua njia ya juu, inayopita mashamba ya mizabibu, ngazi za mawe tupu. Nilijua kabla hatujafika kijiji cha kwanza goti litagoma, atarudi nyumbani, na mgeni atabaki nami.

Goti halikugoma. Kila ngazi mgeni alimpa mkono. Mimi mbele, nageuka nyuma kila mara kutazama kama wameshikana bado. Ndivyo nilivyokosa kuuona mfereji.

Kifundo cha mguu kimevimba kama boga. Wavunaji wakanipandisha kwenye tela la trekta, juu ya zabibu. Vijiji vyote tulivyokusudia kuvitembelea nimevipita nimelala chali, na kila kijiji watu walitoka nje kutazama. Mzee mmoja akauliza kama nakwenda kukamuliwa mvinyo mweupe au mwekundu. Felismina kacheka hadi akalazimika kulishika tela.

Alhamisi, 12 Septemba

Kutwa mguu juu ya kiti. Felismina kaja na sufuria ya supu ya kabichi na viazi, na hakuondoka hadi jua likazama. Nikamuuliza mgeni yuko wapi. Akasema kamwacha mjini peke yake, Mungu ashukuriwe. Mtu yule anazungumzia mawe tangu anapoamka. Kila jioni, akasema, alikuwa anangoja nije nimwokoe, na mimi sitokei.

"Wewe ndiye uliyeacha kuja," nikamwambia.

"Na mgeni ningemwacha na nani, Adozinda? Kwani miguu yako haijui mlango wangu? Nilidhani umenichoka."

Macho yalinilowa. Nikasingizia kitunguu kwenye supu. Kumbe sikuwa namwonea yeye wivu kwa ajili ya mgeni. Mgeni ndiye niliyekuwa namwonea wivu. Basi, yamekwisha. Mimi mtu mzima, mambo haya nimeyaacha.

Jumamosi, 14 Septemba

Mgeni kaondoka leo. Alikuja kuniaga pamoja na Felismina. Akasema mwakani atamleta dada yake, mjane kama sisi, na angependa dada afikie kwangu, apate dirisha la kuutazama mto. Nilifurahi kwelikweli. Ndipo Felismina akauliza dada mtu anapenda nini.

Karata, akasema mgeni.

Felismina akapiga makofi. Siku hizi hana wa kucheza naye, maana mimi, anadai, naiba. Atakuwa anakuja kila siku kucheza na huyo dada.

Kila siku. Nyumbani kwangu. Na huyo.

Nikasema, kwa masikitiko makubwa, kwamba chumba changu kina panya. Wakubwa.

Mgeni alibadilika rangi. Felismina akamtuliza palepale: dada atafikia kwake, tena ndiyo vizuri, watacheza tangu chai ya asubuhi bila hata kuvaa viatu. Mwaka mzima umebaki, lakini ameshavua mapazia ya chumba cha wageni na kuyafua. Nayaona hapa nilipo, yananing'inia kwenye kamba yake.

Mapazia mazuri. Upepo leo ni mkali, na vibanio vya Felismina ni vya zamani. Hakuna atakayeshangaa yakianguka matopeni. Nimejaribu kusimama. Mguu unauma, lakini kwenye kamba ile utafika.