Kibuyu Kinachopumua cha Fundi Kaloki

Jumatatu, 13 Januari 2025

Leo redio imenitaja! Si kwa jina, lakini ni mimi tu. Kutakuwa na maonyesho ya sanaa hapa mjini Wote: kazi zinazochanganya sayansi, umeme na vitu vyenye uhai. Msanii wa Nairobi anayeitwa Wamaitha atapita Ijumaa kuchagua kazi moja. Moja! Nani mwingine Wote anajua umeme? Miaka kumi na minne natengeneza redio na simu. Na uhai? Niko hai.

Nimemwambia mke wangu Mwongeli kwamba nimekuwa msanii. Ameuliza tangu lini. Nimesema tangu taarifa ya saa saba.

Jumanne, 14 Januari

Wazo limekuja nikipiga mswaki! Kibuyu kikubwa kinachopumua. Ndani, bodi za simu zilizokufa na taa ndogo za kijani. Mdomoni, tyubu ya baiskeli inayofura na kunywea kama pafu. Juu, mche wa kunde. Ukigusa jani, kunde inaimba! Nimesisimka mpaka nimemeza dawa ya meno.

Shida ni mahali pa kukiweka. Kando ya duka langu kuna lundo la televisheni mbovu, zile za mgongo mkubwa. Mmea wa malenge wa jirani yangu Muthoki, muuza nyanya, umezipanda zote. Umeingia kwenye vioo vilivyovunjika ukatokea nyuma. Maua ya manjano mahali pa picha! Uchafu mtupu. Nimechukua panga. Dakika kumi, peupe. Televisheni zimeondoka na mkokoteni wa vyuma chakavu.

Muthoki amekuja akasimama. Ameuliza: "Kaloki, malenge yangu yalikukosea nini?" Nimemweleza kwa upole kwamba sanaa inahitaji nafasi. Televisheni moja ilikuwa imebaki, shina limepita katikati yake. Ameomba aichimbue na mizizi. Achukue! Hata nimemsaidia kubeba.

Alhamisi, 16 Januari

Mota nimeipata ndani ya blenda ya Mwongeli. Hatajua. Yuko Kilungu kwa mama yake mpaka kesho jioni.

Kibuyu kinapumua! Fuuu. Fuuu. Kuku wawili wametoroka. Kunde tu ndiyo iliyokataa kuimba. Nimeunganisha waya kwenye jani, kwenye shina, kwenye udongo. Kimya.

Lakini fundi hakosi njia. Ndani ya kibuyu nimeficha simu yangu ya zamani, inayojipokea yenyewe ikipigwa. Kesho nitajibanza nyuma ya tangi la maji, nipige kwa simu nyingine, niimbe. Kunde huwa na sauti gani? Nimejaribu nzito. Nimejaribu ya puani. Ya puani ndiyo yenyewe.

Ijumaa, 17 Januari

Wamaitha amefika saa nne. Viatu vya matope, daftari mkononi. Kibuyu kikapumua, akatabasamu! Nikamwambia mmea una haya, abaki nao peke yake. Nikakimbia nyuma ya tangi. Nikapiga.

Laini inatumika.

Kumbe Mwongeli amerudi mapema, akanitafuta kwenye laini ile ya zamani. Nikachungulia. Wamaitha ameshika jani kwa vidole viwili, na kunde inafoka: "Kaloki! Blenda yangu iko wapi? Na usiniambie ni mambo ya sanaa!"

Wamaitha amecheka mpaka akakaa chini. Nikajua nimeshinda! Halafu akatoa simu yake akanionyesha picha aliyotumiwa na mpita njia. Televisheni zangu. Maua ya manjano. Akauliza kwa heshima: "Fundi, hii iko wapi? Hii ndiyo iliyonileta huku."

Nikasema imesafiri kidogo, itarudi kesho.

Jumamosi, 18 Januari

Nimekimbia kwa watu wa vyuma chakavu alfajiri. Televisheni zote zimeshapondwa isipokuwa mbili. Nimeokota matawi ya malenge jalalani, nikayafunga kwa waya, nikabandika maua kwa gundi. Yamelegea kama matambara ya kudekia.

Nikaenda kumwita Wamaitha. Nimemkuta uani kwa Muthoki, amepiga magoti mbele ya ile televisheni moja. Mmea umetoa majani mapya kupitia kwenye spika! Wamaitha amemuuliza Muthoki ametumia ufundi gani. Muthoki amesema anaumwagilia maji.

Amechaguliwa! Hapo hapo! Wamaitha ameuliza televisheni ni ya nani. Nilitarajia Muthoki anyamaze, na angekuwa na haki. Amesema: "Ni ya fundi Kaloki. Yeye ndiye aliyenipa, na akanibebea." Sasa jina langu litaandikwa chini ya lake, kwa herufi ndogo.

Nimeona haya. Kama dakika mbili hivi.

Jumatatu, 20 Januari

Siku kubwa! Kabla ya kuondoka, Wamaitha alidokeza kwamba maonyesho yajayo ni ya uyoga. Uyoga! Sihitaji panga, sihitaji kuimba. Unajiotea wenyewe mahali penye giza, joto na unyevu. Mwongeli amesema niachie hapo nimnunulie blenda. Hana jicho la mbali.

Asubuhi Mchungaji Kisilu ameleta amplifaya ya kanisa nibadilishe fyuzi tu. Nimeifungua. Giza zuri! Nafasi! Nimeijaza pumba za mahindi zilizolowa na mbegu za uyoga, nikaifunga taratibu.

Nimemwambia Mchungaji asiwe na wasiwasi. Jumapili waumini watashangaa.