Vita Vyangu vya Ukumbi wa Juu

Jumamosi, 4 Mei
Msimu wa wageni umeanza, nami nimepangwa jikoni tena! Mimi, Cuthbert Ollerenshaw, mkongwe wa watembeza wageni wote wa jumba hili la kale la Thornley Pell, nawaonyesha watu masufuria! Ukumbi wa juu kapewa mwenzangu, Bi. Tapscott. Ukumbi ule! Madirisha ya vioo vidogovidogo yanamwaga jua sakafuni, na yeye yupo chini ya dari ile anafuma soksi. Nimemlalamikia Bi. Lumb, msimamizi wetu. Kaniambia, mzee wangu, baki na masufuria yako, mmeshazoeana.

Jumapili, 5 Mei
Dawa ya Bi. Tapscott nimeipata. Hapa hatuandiki "Usikalie". Kila kiti cha kale tunakiwekea ua kavu la miiba, mgeni anaelewa mwenyewe. Magoti yake ni mabovu. Ua la kiti cha ukumbini likiondoka, atakaa. Bi. Lumb akimkuta amekalia kiti cha miaka mia nne, kwaheri!
Nimeliondoa. Ua mfuko wa nyuma wa suruali, mimi nyuma ya pazia.
Hakukaa! Kawaambia wageni kuna mjinga kaiba ua, kisha kaweka sindano zake za kufumia pale kitini badala yake. Nikachoka kusubiri, nikainua macho. Dari! Mizabibu, samaki, nguva, yote ya chokaa, yote kwa mkono, na hakuna majani mawili yanayofanana. Machozi yalinitoka, nasema kweli. Nikarudi nyuma niione vizuri, nikafika kwenye kizingiti cha dirisha, nikakaa.
Juu ya ua.
Pazia lilishuka nami, pamoja na fimbo yake.

Jumanne, 7 Mei
Bi. Lumb kaniuliza nilitafuta nini nyuma ya pazia. Nikasema nakagua bitana. Bi. Tapscott kacheka, kasema, msamehe bwana, huyu nyumba hii imemtia wazimu. Nani kamwomba uwakili? Nimehamishiwa maegesho ya magari. Nimevalishwa kizibao cha njano. Aibu!

Jumatano, 8 Mei
Mvua. Lakini kumbe! Kutoka huku uso mzima wa nyumba unaonekana, mawe ya rangi ya asali, na juu dohani za matofali zilizosokotwa kama nywele, kila moja na msuko wake. Dirisha moja la kushoto ni bandia, jiwe tupu. Mjenzi aliliweka ili kushoto na kulia kulingane. Fundi huyo ningemvulia kofia! Nilikuwa bado natazama, basi la akina mama wa kanisa likaingia bwawa la bata. Wamenitukana, na ni watu wa kanisa.

Ijumaa, 10 Mei
Bi. Tapscott kaniletea chai. Kasema magoti yamegoma, hawezi tena kupanda ngazi. Kamwomba Bi. Lumb ukumbi nipewe mimi, maana hakuna mwingine anayeipenda dari ile. Yeye atakaa huku, kwenye kiti cha kukunja. Kisha akazitazama dohani, akasema, jamani, zinapendeza!
Aha!

Jumamosi, 11 Mei
Hanidanganyi mtu. Kumbe anautaka uso wa nyumba! Nimemwambia Bi. Lumb sitoki maegeshoni hata kwa winchi. Kaniuliza kama naumwa. Ukumbi kapewa bwana mmoja aliyeanza juzi, hajawahi hata kutazama juu. Bi. Tapscott karudi nyumbani kwake akichechemea na magoti yake. Nimemshinda!