Mfuga Nyuki na Tuta la Kati

Jumanne, 2 Januari

Amefika! Binti yangu Aizirek, kutoka Bishkek mpaka hapa kwetu Karakol, kwa basi la asubuhi. Mara ya mwisho alinifika kwapani, leo ananifika sikioni. Ana miaka kumi na minne. Ubao wa theluji mgongoni, helmeti mkononi, na ile sauti ya mama yake.

Mama yangu amepika kuurdak, nyama na viazi mpaka nyumba nzima ikanukia. Tukala. Mtoto akaanza: Anko Ermek hivi, Anko Ermek vile. Ermek ni mume wa sasa wa mama yake. Eti Ermek anapanda mlimani kila Jumamosi, anaruka tuta kubwa la theluji, anajigeuza hewani, halafu ndipo anatua. Hewani! Mtu wa benki!

Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba hata mimi huteleza. Tena sana. Mama akapaliwa na chai.

Ukweli ni kwamba sijawahi kukanyaga ubao. Nimezaliwa chini ya mlima huu, kuni zetu nimeziteremsha kwa sleji ya kuburuta thelujini tangu utotoni, lakini wanaoteleza huko juu ni watu wa mjini. Mimi huwauzia asali. Majira haya nyuki wamejikunyata mizingani, nami sina kazi.

Mpango: kesho alfajiri, kabla hajaamka, nikodi ubao. Adhuhuri niwe fundi. Kwani kuna nini? Ni kusimama na kushuka. Hata jiwe linaweza.

Jumatano, 3 Januari

Jiwe linaweza. Mimi siwezi.

Nilijiandaa vizuri, lazima niseme. Ndani ya suruali nilishindilia kipande cha zulia la sufu, upande wa makalio. Akili hiyo! Ila mlangoni pa uwanja wa matuta wakanizuia: bila helmeti haingii mtu. Nikawaeleza kwamba kofia ya marehemu baba, ya manyoya ya mbweha, imeshinda baridi na mateke ya farasi. Hawakuelewa. Nikavaa helmeti yao, na kofia ya baba juu yake. Kichwa kikawa kama mzinga.

Uwanja wenyewe: kuna masanduku ya plastiki ya kuteleza juu yake, kuna mabomba ya chuma, na kuna matuta ya kurukia, dogo, la kati na kubwa. Nikatafuta mahali tambarare pa kukaa nifunge mikanda ya ubao. Nikapapata. Pazuri kweli, mbele ya tuta la kati. Nikakaa. Mikanda ina vifungo vingi kuliko kanzu ya mwanasheria.

Watu waliokuwa juu wakaanza kupiga kelele. Nikadhani wananitia moyo. Nikawapungia mkono.

Mara mtu akanishika kwapa na kunivuta pembeni kama gunia. Aizirek! Ameamka saa ngapi huyu? Akaniambia, huku akihema, kwamba pale ndipo watu wanapochukulia kasi. Mikanda hufungwa kando, kule, penye wenzako wanaosubiri.

Nikamwambia nilikuwa nakagua tu uwanja. Akanitazama. Halafu akasema kukagua ni vizuri, ndiyo hatua ya kwanza: unapita taratibu kando, unaangalia tuta limekaaje, unarukia wapi, unatua wapi. Hata wajuzi hufanya hivyo kila asubuhi.

Nimesifiwa! Zulia limesaidia upande mmoja tu, na mimi nilianguka pande zote.

Alhamisi, 4 Januari

Aizirek ameamua kunifundisha. Hajasema kwamba amegundua uongo wangu. Amesema tu, kwa upole, kwamba huenda nimesahau kidogo.

Akanipeleka kwenye sanduku dogo. Dogo! Limelala chini kama kizingiti cha mlango. Paka wetu angelivuka bila kuamka. Akasema kila mtu huanzia na dogo, na anapanda kadiri anavyoweza, si kadiri anavyotamani. Nikaitikia. Lakini jicho langu lilikuwa kwenye tuta la kati, maana linafanana na lile analoliruka Ermek kwenye video aliyonionyesha Aizirek.

Nikangoja binti yangu aende kupanda lifti. Nikajisogeza kule juu. Kulikuwa na foleni. Nikajifanya nasalimia watu, huyu na yule, habari za asubuhi, habari za nyumbani, na kila salamu ikanisogeza mbele hatua moja. Mpango safi kabisa! Nilikuwa nimebakiza mtu mmoja, bibi wa Kirusi mwenye suti nyekundu, umri wa mama yangu. Nikamsalimia na kumpita.

"Kijana," akasema, bila hata kugeuka, "foleni ina kichwa na ina mkia. Wewe ni mkia."

Nikarudi mkiani. Anaitwa Zinaida. Wote wanamwogopa.

Zamu yangu ikafika. Desturi ni kuinua mkono na kutangaza unakwenda, ili wa juu na wa pembeni wajue. Nikainua mkono. "Naenda!" Sikuenda. Miguu ilikataa. Nikatangaza tena. Miguu ikakataa tena. Nyuma yangu Zinaida, aliyekwisha kuruka na kurudi foleni, akauliza kama ninakwenda au ninagombea ubunge.

Nikaenda. Mwenyezi Mungu, nikaenda! Tuta likaja mbio. Nikafanya ambacho angefanya mtu yeyote mwenye mama hai: nikageuza ubao kiubavu na kufunga breki. Nikalikwangua tuta mdomo wake wote, pale watu wanaporukia, kama jibini, nikasimama juu kabisa, salama. Tuta likabaki kibogoyo. Hakuna aliyeweza kuruka tena mpaka litengenezwe.

Aizirek akafika. Hakunigombeza. Akachukua reki iliyochomekwa pembeni, akaanza kusawazisha theluji, kisha akawageukia wote waliosimama.

"Samahanini jamani. Ni baba yangu."

Angeweza kusema hanijui. Hata mimi ningesema sijijui. Alisema kwa sauti, mbele ya watu, na reki mkononi.

Nimekula mkate kidogo tu leo.

Ijumaa, 5 Januari

Sijui niandike vipi.

Ermek alipiga simu asubuhi. Atakuja Jumapili kumchukua kwa gari. Nikaona muda unakwisha, na mimi sina hata picha moja. Mpango: basi nimpige yeye video, binti yangu akiruka, nzuri kuliko zote za Ermek. Iwe mshangao. Aizirek alikuwa amesema anayepiga picha hukaa pembeni kabisa, pamoja na mwenzake anayemwona mrukaji na kumpa ishara. Lakini pembeni unapata ubavu tu! Mimi nikataka uso, na mbingu nyuma yake. Kwa hiyo nikazunguka, nikapiga magoti chini ya tuta la kati, upande wa pili. Pale wanapotua.

Anayekuja toka juu haoni upande ule. Tuta lenyewe linaficha. Nililijua hilo. Aliniambia jana.

Nikamsikia akitangaza, "Naenda!" Nikawa bado nahangaika na simu, kioo kimeganda. Ndipo Zinaida, aliyekuwa kando, akaona manyoya ya mbweha yakichungulia. Akasimama, akapishanisha mikono juu ya kichwa kama mkasi: pamefungwa, asije mtu! Na akapiga ukelele ambao nadhani umefika Uchina.

Aizirek alikuwa tayari yuko mbioni. Akakata kona penye mdomo wa tuta, akatumbukia ubavuni, akapiga bega, akabiringika. Halafu akatulia.

Nikatambaa. Nilikuwa na viatu vya ubao, havikimbiliki. Nikatambaa kama mtoto, namwita jina lake, lile la uchanga ambalo hajaitwa tangu aende mjini.

Akaketi mwenyewe. Alikuwa analia. Nikauliza wapi panauma. Akanisukuma kwa mkono mzima.

"Ningekuua, Baba! Ungekufa hapa, kwa ubao wangu! Unaelewa? Mimi ndiye ningekuwa nimekuua!"

Zinaida akaja, akaketi upande wa juu yetu na ubao wake umechomekwa wima kwenye theluji ili wengine waone, akangoja watu wa huduma ya kwanza. Mimi alinipa mgongo. Ningefurahi kama angenitukana.

Bega halikuvunjika. Limechubuka na kuvimba, mkono umefungwa kitambaa shingoni.

Jioni alikaa karibu na jiko, hataki chakula. Nikaketi upande wa pili. Mama akatuwekea chai na jamu ya aprikoti, akatoka na kisingizio cha ng'ombe. Ng'ombe tulimuuza.

Aizirek akauliza kwa nini. Nikamwambia ukweli, kwa sababu uongo ulikuwa umeniishia: kwamba Ermek anajigeuza hewani, na mimi sina ninachojigeuzia. Kwamba niliogopa akichoka na asali na jiko letu la kuni hatarudi.

Akacheka kidogo, bega likamuuma, akaacha. Akasema Anko Ermek hujigeuza nusu tu, na nusu inayobaki huimalizia kwa mdomo. Akachota jamu.

"Tena Bishkek kuna milima, Baba. Ipo karibu kuliko hii. Na matuta yao ni mazuri zaidi."

Akaendelea kula jamu. Nikasema ndiyo, nimesikia ni mazuri. Ilinichukua muda mrefu, nikiwa tayari nimelala, kuelewa alichoniambia: si mlima unaomleta huku. Niliinuka nikakaa kitandani.

Jumamosi, 6 Januari

Kofia ya baba imebaki nyumbani. Helmeti peke yake. Zulia lipo, hilo siwezi kuliacha.

Aizirek amesimama pembeni na mkono wake shingoni, anaamuru kama jenerali aliyejeruhiwa. Nimepita kwanza kukagua. Nimefunga mikanda kando. Nimesimama mkiani, nimengoja, hata salamu sikutoa. Mvulana wa mbele yangu akaanguka. Sikuenda mpaka akainuka na kuondoka. Nikainua mkono. "Naenda!"

Nikaenda. Sanduku dogo, lile la kizingiti. Magoti yamekunjwa, macho mbele, ubao ukapanda, ukateleza, ukalia kama siagi kwenye kikaango moto, ukashuka. Nimesimama! Sikusimama pale pale nikishangilia, la. Nilitoka haraka kando, nikapisha njia, kisha ndipo nikashangilia.

Aizirek aliruka akinipigia kelele, akasahau bega, akajishika, akacheka na machozi. Zinaida akapita akanipa chenza. Akasema mkia umeota kichwa.

Furaha ya leo sijui niiweke wapi. Nililirudia sanduku mpaka lifti ikafungwa.

Jumapili, 7 Januari

Ermek amefika, na dawa ya kuchua, na uso wa mtu ambaye hakulala. Nilitaka awe mbaya. Si mbaya. Amemgusa Aizirek bega kwa ncha za vidole kama anagusa yai.

Akauliza ilikuwaje. Nilikuwa na mpango tayari: upepo. Upepo mkali wa ghafla. Nikafungua mdomo. Aizirek akawahi kusema alikuwa anamkwepa mtu. Akaishia hapo. Hakunitazama hata.

"Mtu mwenyewe ni mimi," nikasema.

Ermek akaiweka dawa mezani. Halafu akasema basi nimfundishe hilo sanduku, maana ameambiwa kwenye simu usiku kucha kwamba baba yake Aizirek analiteleza vizuri. Usiku kucha! Amesema hivyo kwa Ermek!

Tukapanda wote. Nikateleza sanduku. Ermek akapiga makofi, kwa dhati. Hapo shetani akaniingia. Kama angenicheka, ningetulia. Lakini makofi! Nikamwambia hiyo ni salamu tu, atazame tuta la kati.

Aizirek akasema Baba, hapana. Nikamwambia nitafuata kila kitu. Na nilifuata. Nilikagua. Nilipanga foleni. Nilihakikisha chini pako wazi. Niliinua mkono, nikatangaza, nikaenda papo hapo. Hakuna mtu aliyewahi kufika kwenye tuta lile na adabu nyingi kama zangu.

Ujuzi tu ndio haukuwepo.

Niliruka kama gunia la viazi lililotupwa na mtu mwenye hasira. Nikaona Karakol yote, paa letu, mizinga yangu. Kisha nikatua juu ya kiganja cha kushoto. Kikalia ta! Lakini nikakumbuka: mahali pa kutua watu si pa kulala. Nikajibiringisha, naomboleza, mpaka kando kabisa.

Aizirek ndiye wa kwanza kufika. Alikuwa mweupe kama karatasi. Akapiga magoti, akashika uso wangu, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa:

"Umetoka haraka, Baba! Umetoka haraka sana!"

Ermek alituendesha hospitali, wagonjwa wawili kiti cha nyuma, Aizirek mkono wa kulia na mimi wa kushoto. Alilala begani pangu. Walipoondoka jioni alifungua dirisha akanipungia mpaka gari likapinda penye msikiti.

Jumatano, 17 Januari

Plasta ya mkono uliovunjika inawasha. Mama anakwaruza ndani kwa sindano ya kufumia.

Aizirek amepiga simu. Bega limepona. Amesema likizo ya Machi anakuja, ameshamwambia mama yake. Akaniapisha: sanduku dogo tu, hakuna kingine, na hilo mpaka daktari aruhusu. Nimeapa. Nimeapa kwa moyo mkunjufu.

Sasa, kuapa ni kwa habari ya mlimani. Hakuna aliyetaja ua wa nyumba. Nyuma ya mizinga theluji ya paa imejirundika yenyewe, tayari kabisa, mkono wa Mungu huo. Nimekuwa nikiipiga koleo kwa mkono mmoja tangu asubuhi, inaanza kupata umbo. Foleni haipo. Machi atakuta baba yake anajigeuza hewani. Nusu tu, kwa kuanzia.

Mama ametoka akauliza nafanya nini. Nikamwambia nawakinga nyuki na upepo. Akautazama ule mlima wa theluji, akauzunguka polepole, akaingia ndani. Nikajua kazi imekwisha.

Akarudi na koleo la pili. Akasema upande wa kutua ni mfupi.